Kutu ya Tangi la Dizeli Mombasa: Anzia Chini, Anzia Ndani

Tangi lilikuwa jeupe pe. Kila mwaka upepo wa kusi ukishatulia tulilikwangua, tukalipiga msasa na kulipaka rangi upya, koti mbili, kwa sababu lilikaa nyuma ya hoteli iliyo hatua chache kutoka ufuoni na chumvi ya bahari ililipiga usiku na mchana. Siku moja mlinzi wa zamu ya alfajiri akasikia harufu ya dizeli. Tulipoinama na tochi tukaona tone, kisha tone jingine, likitoka chini kabisa ya tumbo la tangi, mahali ambapo rangi bado iling'aa. Nilipoigusa rangi ile kwa kidole ikabonyea kama karatasi. Nyuma yake hapakuwa na chuma tena.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi watu wa pwani tunaiogopa chumvi ya hewani, na tuna haki ya kuiogopa, maana tunaona inavyokula mabati ya nyumba, madirisha na baiskeli. Basi tukapigana na kutu ya nje miaka yote, na kutu ya ndani ikafanya kazi yake bila kusumbuliwa na mtu. Tangi la mafuta hufa kwa maji yaliyolala chini ya dizeli. Hilo ndilo nililojifunza siku ile, na mwongozo huu wote unazunguka hapo.

Nauandika kwa ajili ya mtu anayetunza tangi la chuma la dizeli lililo juu ya ardhi, la lita 1,000 hadi 10,000 hivi: la jenereta ya hoteli, hospitali au shule, la boti za uvuvi, la gereji ya malori kule Jomvu na Miritini. Matangi makubwa ya maghala ya mafuta ya Shimanzi na Kipevu yana wahandisi wake na viwango vyake, ingawa adui ni yule yule.

Jua kwanza kinachokula chuma

Dizeli yenyewe haili chuma. Bati lililoloweshwa dizeli safi hukaa miaka mingi likiwa zima. Shida ni kwamba lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 820 hadi 860 hivi, na lita moja ya maji ni kilo nzima. Maji yoyote yakiingia hushuka hadi sakafuni na kukaa hapo, yamefunikwa, huyaoni na jua haliyakaushi. Chuma kilicho chini yake kinakaa majini mwaka mzima.

Kisha vinakuja vijidudu. Kuvu na bakteria huishi kwenye mpaka ule ambapo maji yanakutana na dizeli: wanakunywa huku, wanakula kule. Kuvu anayejulikana zaidi anaitwa Hormoconis resinae, na watu wa ndege wamepambana naye kwa miongo mingi ndani ya matangi ya mabawa. Viumbe hawa hutoa asidi, na asidi ile inashuka kwenye maji. Chini kabisa, ndani ya tope, kuna bakteria wasiohitaji hewa hata kidogo. Hao hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Matokeo yake ni kutu isiyokula bati sawasawa. Inachimba mashimo. Bati la milimita 5 linaweza kuwa zima pote isipokuwa sehemu moja yenye upana wa punje ya mahindi, na hapo ndipo dizeli inapopitia.

Mwaka 2016 idara ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitoa matokeo ya uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli yaliyozikwa ardhini. Asilimia 83 yalikuwa na kutu ya kiasi cha kati au kali ndani yake. Jambo lililonishika ni jingine: wenye matangi waliokuwa na habari hiyo kabla ya kukaguliwa hawakufika robo. Mengi ya matangi yale yako kwenye maeneo yenye baridi kuliko yetu, na bado hali ilikuwa hiyo. Sisi tuna joto ambalo vijidudu wanalipenda mwezi Januari hadi Disemba.

Hatua ya kwanza: pima maji

Nunua dawa ya kupimia maji, ile inayokuja kwenye kichupa kidogo kama dawa ya meno. Wauzaji wa vifaa vya vituo vya mafuta wanayo. Pakaa safu nyembamba kwenye ufito wa kupimia (mafundi wengi tunauita dipstiki), kuanzia ncha hadi kimo cha shubiri moja. Teremsha ufito polepole mpaka uguse sakafu, usiudondoshe, subiri muda ulioandikwa kwenye kichupa, kisha uutoe. Palipogusa maji patakuwa pamebadilika rangi. Kimo cha rangi ile ndicho kimo cha maji.

Kwa nini nasema usiudondoshe? Kwa sababu tundu la kupimia ni lile lile kila siku, na ncha ya ufito inagonga mahali pale pale. Miaka mitano ya kugonga inaondoa rangi na ile ngozi nyembamba ya oksidi inayolinda chuma, na kutu inapata mlango. Nimeona tangi lililotoboka chini ya tundu la kupimia tu, pengine pote likiwa salama. Tangi jipya likitengenezwa, mwambie mchomeleaji aweke kipande cha bati sakafuni chini ya tundu hilo ili kipokee vishindo.

Pima ncha zote mbili za tangi ikiwa lina matundu mawili. Udongo wa Mombasa una sehemu za mchanga unaokaa vibaya, na tangi lililosimama sawa mwaka lilipojengwa huenda leo limeinama kuelekea upande usiokuwa na valvu ya kutolea maji. Ukipima upande mmoja utaambiwa hakuna maji, kumbe yamejaa upande wa pili.

Pima kila wiki. Wakati wa masika, Aprili na Mei, pima siku inayofuata kila mvua kubwa. Na pima kabla ya boza kumwaga mafuta na baada yake, ukiacha tangi litulie usiku mzima ndipo upime tena. Boza likishamwaga, maji na uchafu wa sakafuni vinakorogeka. Kipimo cha papo hapo hakina maana, na jenereta ikiwashwa saa ile inavuta uji.

Hatua ya pili: yatoe, kisha uyatazame

Tangi zuri lina valvu ya kutolea maji mahali pa chini kuliko pote. Weka ndoo ya chuma, unganisha waya wa shaba kati ya ndoo na tangi ili umeme wa msuguano usiruke cheche, na ufungue valvu kidogo tu. Ukifungua kwa nguvu, dizeli inachimba shimo katikati ya maji na kutoka yenyewe, maji yanabaki pembeni. Mwendo wa polepole ndio unaoyaleta. Ikiwa tangi lako halina valvu, tumia pampu ya mkono yenye mpira unaofika sakafuni.

Maji ya kwanza yatie kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, uiache juu ya meza nusu saa. Hapa ndipo tangi linapozungumza.

Maji meupe na dizeli inayong'aa juu yake: una bahati, umewahi. Maji ya rangi ya chai ya rangi: kutu imeanza. Chembe nyeusi zinazofuata sumaku ukiipitisha nje ya chupa: hicho ni chuma cha tangi lako kinachotoka kidogo kidogo. Utando mzito katikati, kama ute wa bamia, unaoning'inia kati ya maji na mafuta: hao ni vijidudu, na lazima umeona filta zikiziba mapema siku za karibuni. Harufu ya yai viza: bakteria wa chini wamekaa muda mrefu, na uwezekano wa mashimo ni mkubwa. Hiyo harufu usiinuse kwa kusudi. Gesi ile ikizidi pua inaacha kuisikia, na mtu hudhani imeisha.

Kiasi cha maji nacho kinasema jambo. Watu wengi hapa wakiona maji hulaumu umande: "hewa ya Mombasa ina unyevu, tangi linatoa jasho." Ni kweli, lakini hebu tupige hesabu. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji katika mita moja ya ujazo. Ukitumia lita 2,000 za dizeli, tangi limevuta ndani mita mbili za ujazo za hewa. Hata kama unyevu wote ungegeuka maji, ni gramu 60, vijiko vinne vya chakula. Kwa hiyo ukitoa vijiko, ni umande. Ukitoa ndoo, umande hauhusiki, tafuta tundu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita nzima, na mvua yetu ya Mei haiishii kwenye milimita moja.

Maji hayo machafu usiyamwage mtaroni. Mitaro yetu inaishia Tudor na Kilindini, na kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu kama sifongo. Mafuta unayomwaga uwanjani yanaweza kufika kwenye kisima cha jirani. Yaweke kwenye pipa lenye kifuniko na umwite mchukuzi wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Hatua ya tatu: tafuta maji yanakoingilia

Panda juu ya tangi. Mahali pa kwanza pa kutazama ni kifuniko cha kujazia. Gasketi yake ya mpira huiva kwa jua na kupasuka, na mara nyingi kifuniko kimekaa ndani ya kibakuli cha bati kinachoshika maji ya mvua kama sinia. Badilisha gasketi, toboa kibakuli pembeni ili maji yatoke.

Pili, bomba la kupumulia. Lazima lipinde kichwa kuelekea chini, liwe na wavu, na mdomo wake usitazame upande wa kusi. Nimekuta mabomba yaliyosimama wima bila kofia, na mwenye tangi akishangaa maji yanatoka wapi. Usilizibe kabisa ukidhani unalinda tangi. Likizibwa, pampu ikivuta mafuta tangi linaweza kubonyea, na boza likijaza linaweza kupasuka.

Tatu, boliti za mlango wa tangi. Nne, watu wako. Kuna mahali niliitwa kwa sababu ya maji yasiyoisha, nikakagua kila kitu nisione tundu. Kumbe kijana wa usafi alikuwa akiosha sehemu ile kwa mpira kila Ijumaa, na maji ya kasi yalipenya chini ya kifuniko. Maji yenyewe yalikuwa ya kisima.

Hilo la kisima nataka ulishike. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na chumvi ndiyo inayovunja ngozi ya chuma na kuanzisha mashimo. Usioshe tangi, ndani wala nje, kwa maji ya kisima. Usilijaribu tangi jipya kwa kulijaza maji ya kisima. Ukikosa maji ya mfereji, nunua boza la maji matamu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bati jipya.

Na ikiwa chupa ilikuonyesha ute wa bamia, dawa ya kuua vijidudu ipo na inafanya kazi, kwa kipimo kilichoandikwa, na kwa glavu. Lakini toa maji kwanza. Dawa ikitiwa kwenye tangi lenye maji, walionusurika wanazaliana upya, na waliokufa wanakuwa tope linalokwenda moja kwa moja kwenye filta. Weka filta za akiba tayari.

Hatua ya nne: pima bati lilivyobaki

Usigonge tumbo la tangi kwa nyundo ili usikie sauti. Wazee walifanya hivyo, na mtu aliyezoea husikia tofauti, lakini bati lililobaki milimita moja linatoboka kwa pigo moja, na wewe uko chini yake.

Kodi kipima unene cha altrasaundi pamoja na mtu anayejua kukitumia. Kinawekwa nje, kinapeleka sauti ndani ya bati, na kusoma muda unaochukua kurudi. Tangi la mviringo lililolala juu ya viti vyake linakupa nafasi nzuri, kwa kuwa tumbo lake liko wazi. Chora chaki mstari wa chini kabisa kutoka ncha hadi ncha, na mistari mingine kila upande, upime kila baada ya sentimita 5. Usikubali vipimo vitano vya haraka vilivyotawanywa. Kipimo kinasoma eneo dogo, na shimo lililo sentimita mbili pembeni kitalipita bila kuliona. Ongeza vipimo chini ya tundu la kupimia, karibu na valvu ya maji na kando ya kila mshono wa kuchomelea.

Sasa hesabu. Tuseme bati lilikuwa milimita 5 tangi lilipowekwa, miaka 6 iliyopita, na kipimo cha chini kuliko vyote leo ni 3.2. Limeliwa milimita 1.8 kwa miaka 6, yaani 0.3 kwa mwaka. Kiwango cha API 653, kinachotumika kwa matangi makubwa, hakitaki bati la sakafu lishuke chini ya milimita 2.5 hivi kabla ya ukaguzi unaofuata ikiwa hakuna njia ya kugundua uvujaji chini yake. Tangi lako ni dogo na halibanwi na kiwango hicho, lakini ni namba nzuri ya kujiwekea. Kutoka 3.2 hadi 2.5 ni 0.7; gawa kwa 0.3, una miaka miwili na miezi michache. Usingoje iishe. Pima tena katikati ya muda huo, kwa sababu shimo likishaanza kasi yake hupanda.

Tumia kipimo cha chini kabisa, si wastani. Wastani wa tangi la hoteli ile ungekuwa mzuri sana siku lilipovuja.

Hatua ya tano: kulifungua

Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Mtu asiingie ndani ya tangi kwa sababu tu limekaa tupu na harufu imepungua. Kutu yenyewe inakula oksijeni. Tangi la chuma lililofungwa likiwa na unyevu ndani linaweza kuwa na hewa isiyotosha kumweka mtu hai, bila harufu, bila dalili. Anayeingia anaanguka kabla ya kupiga kelele. Kisha mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Tumezika watu wa visima na mashimo ya vyoo kwa namna hii hii.

Ikiwezekana, usafishe bila mtu kuingia: pampu, mpira mrefu, brashi yenye mpini. Matangi mengi ya lita 2,000 yanasafishika hivyo kabisa. Ikilazimu mtu aingie, hiyo ni kazi ya kampuni yenye vifaa, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na wewe kama mwenye tangi una haki ya kusimama na kuuliza. Mabomba yote yametenganishwa, si kufungwa valvu tu? Feni inasukuma hewa safi ndani? Kipima gesi kimesoma nini? Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, chini ya 19.5 hakuna kuingia. Mvuke wa mafuta usizidi asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kuwaka. Kuna mtu mlangoni asiyeondoka hata kwa dakika moja, na kamba iliyofungwa kwa aliye ndani? Wakikosa jibu la swali moja, wafunge mlango warudi kesho.

Na moto. Mchomeleaji wa barabarani atakuambia dizeli haishiki moto upesi kama petroli, alete mashine azibe tundu. Kwenye tangi lililofunguliwa uwanjani anasema kweli kiasi. Lakini magamba ya kutu yamenyonya mafuta, na joto la kuchomelea linayageuza mvuke ndani ya chombo kilichofungwa. Mapipa "matupu" yamewaua mafundi wengi. Hakuna kuchomelea mpaka limesafishwa, likapepewa na kupimwa gesi siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: kusafisha, kutengeneza, kupaka

Panga kazi hii Januari au Februari. Ndiyo miezi yetu mikavu kuliko yote, kaskazi inavuma na hewa inakausha.

Kutu iondolewe mpaka chuma kionekane cha kijivu karibu pote, kiwango ambacho mafundi wa rangi wanakiita Sa 2½. Brashi ya waya haifiki hapo. Inang'arisha magamba na kuyaacha chini. Inahitajika mashine ya kupuliza chembe ngumu kwa kasi. Usiruhusu mtu apulize kwa mchanga wa ufuoni. Una chumvi, na unaipigilia chumvi hiyo ndani ya chuma unachotaka kukiokoa. Vumbi lake nalo linaharibu mapafu. Itumike ganeti au chembe nyingine maalumu, na kabla ya kupuliza bati lioshwe kwa maji matamu.

Mashimo yakionekana wazi, pima kina chake. Machache yasiyo na kina kirefu yanaweza kujazwa kwa kuchomelea. Yakiwa mengi mstari mzima wa chini, kata kipande chote uweke bati jipya. Kiraka kinachobandikwa juu ya bati bovu kinaacha mfuko kati ya mabati mawili, na mfuko huo unanyonya maji. Zile gundi za epoksi za kuziba tundu zinakusaidia kuokoa mafuta usiku wa dharura. Zisihesabiwe kuwa matengenezo.

Rangi ya ndani iwe epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya mafuta, sakafu yote na ukuta hadi nusu mita angalau. Chuma kilichopulizwa asubuhi hapa kwetu kinaweza kuanza kugeuka kahawia kabla ya jioni, kwa hiyo praima (rangi ya kwanza) ipakwe siku hiyo hiyo. Anza jua likishakausha umande. Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85 na bati liwe na joto linalozidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji) kwa nyuzi 3 au zaidi. Fundi mzuri ana kifaa cha kupima hayo, na ukimwona hana, muulize.

Kuhusu vifaa: valvu ya maji iwe ya chuma, si ya shaba nyeupe wala nyekundu. Shaba ikikaa pamoja na chuma ndani ya maji, chuma ndicho kinacholiwa. Na usikubali tangi la dizeli lililopakwa zinki ndani. Zinki inaingia kwenye dizeli na kuharibu mafuta, na mwisho wake unakuwa kwenye nozeli za injini.

Nje ni kazi nyepesi. Osha kwa maji ya mfereji kila mwezi wakati wa kusi, gusa rangi palipokwaruzika kabla ya kutu kutambaa, na utazame sana pale tangi linapokalia viti vyake. Watu huweka mbao au magunia hapo ili lisikwaruzike. Vitu hivyo vinashika maji ya chumvi kama kitambaa kibichi. Viondolewe. Tangi lililolazwa moja kwa moja juu ya saruji liinuliwe, kwa sababu upande ule hutauona wala kuupima kamwe.

Matangi yaliyozikwa ardhini ni habari nyingine. Yanahitaji ulinzi wa umeme unaozuia kutu, na mtaalamu wa kupima kama chuma kimefika milivolti 850 chini ya sifuri dhidi ya elektrodi ya kulinganishia ya shaba na salfeti yake. Usijaribu kuyakagua kwa mbinu za hapa peke yake.

Tangi jipya la hoteli ile lilikuja mwaka huo huo. Tuliliinua juu ya viti vya chuma, kimo cha mtu kuweza kuingia chini na kulala chali, na tukaliinamisha sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye valvu. Bomba la kuvutia mafuta tuliliacha vidole vinne juu ya sakafu, ili maji yakiwepo yabaki chini yakisubiri kutolewa. Daftari tulilitia ndani ya mfuko wa plastiki na kulifunga kwa kamba kwenye mguu wa tangi. Ukurasa una safu nne: tarehe, kimo cha maji, kiasi kilichotolewa, rangi yake. Kijana wa zamu ya Jumatatu ndiye mwenye kalamu. Wiki tatu za kwanza aliandika sifuri, ya nne akaandika milimita 6, maji meupe, akachora mshale na kuongeza kwa mkono wake: "gasketi ya kifuniko imepasuka, nimebadilisha."